Mtani wa Ukuta

Ilikuwako asubuhi moja iliyogoma kwisha. Ilianza kama asubuhi zote, kwa jogoo na moshi wa kuni, kisha Mkuu wa Ukuta akafa. Katika mji ule saa haisogei mpaka kengele ya Ukuta ipigwe, na Mkuu akifa kengele haipigwi mpaka achekwe na watu wote. Basi jua likabaki palepale juu kidogo ya mapaa, kama mgeni aliyesimama mlangoni akingoja kuambiwa karibu. Unga wa vitumbua haukuumuka. Uji uliomiminwa kikombeni haukupoa. Jino la mtoto lililokuwa likining'inia liliendelea kuning'inia. Na katika chumba cha uani cha Bi Nyamizi, binti yake Sikudhani, aliyeshikwa na uchungu muda mfupi kabla ya kifo kile, alikuwa bado ana uchungu.

"Mtoto yuko tayari," mkunga alimwambia Bi Nyamizi pale kizingitini, akijifuta mikono. "Na mama yuko tayari. Kinachokosekana ni saa ya kuzaliwa."

"Atangoja?"

"Mtoto atangoja. Mama yake sijui. Saa imesimama, lakini nguvu za mwili hazijasimama, zinakwisha."

Bi Nyamizi aliingia akamshika binti yake kiganja. Kilikuwa na jasho la baridi. Jirani mmoja, asiyetajwa jina kwa sababu hakutaka kutajwa, alikuwa ameleta khanga mbili safi na kuziweka mlangoni bila kubisha hodi. Bi Nyamizi aliziona. Siku za hofu watu wengi hujifungia ndani, lakini daima yuko mmoja anayekumbuka kwamba anayejifungua anahitaji khanga safi.

Hapo ndipo Mzee Luhende, mshika funguo wa Ukuta, alipofika. Alivaa kanzu nyeupe ndefu na alitembea chini ya mwavuli mweusi uliobebwa na watu wawili, maana Wenye Ukuta hawakuwa na desturi ya kukanyaga jua.

"Hodi."

"Unabisha hodi kwa mtani wako?" Bi Nyamizi alisema. "Ingia uibe kitu, kama wenzako."

Mzee Luhende hakucheka. Alikuwa mtu aliyecheka kwa ratiba. "Tumekuja kukuita," alisema. "Mkuu Lugiko amekalishwa."

Ni lazima ijulikane jambo hili kabla hatujaenda mbele. Ukoo wa Bi Nyamizi ulikuwa watani wa Ukuta tangu mababu. Mkuu akifa, hazikwi mpaka mtani wake aje mbele ya watu wote amcheke, na watu wacheke pamoja naye. Kisha mtani huingia kaburini, akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kitu: kuku, kitambaa, ugoro. Ndivyo utani ulivyo popote ulipo. Maiti asiyechekwa, walisema, huondoka akidhani alikuwa Mungu, na huko aendako atapata aibu. Desturi ilikuwa nzuri. Ilitungwa na watu waliopendana.

"Watu wacheke," alisema Mzee Luhende, "lakini wacheke vizuri."

"Kucheka vizuri ndiko kupi?"

"Kama alivyowachekesha shangazi yako. Si kama kaka yako."

Bi Nyamizi aliinama akamchukua kuku wake mweupe aliyekuwa akidonoa uani, akamtia kwapani.

"Huyo wa nini?"

"Tunakwenda msibani, mzee. Mwenzio anakwenda na mwenzie."

*

Njia ya kwenda Ukutani haikuwa ndefu, lakini asubuhi ile haikuwa na mwisho, na mtu anayetembea katika wakati uliosimama hupishana na watu wa nyakati nyingine. Kizee mmoja aliyekaa kwenye kibaraza alimwamkia: "Hujambo Shigela." Alikuwa amemwita kwa jina la kaka yake aliyekufa yeye angali msichana. Mbele kidogo mwanamke akamwambia, "Milembe, leo tuchekeshe kama siku ile." Hilo lilikuwa jina la shangazi yake. Bi Nyamizi aliwaitikia wote. Hakuwa na hakika tena ni miguu ya nani inayotembea, wala ni msiba upi anaokwenda.

Kaka yake Shigela alikuwa mtu wa kweli. Alisimama mbele ya maiti wa Mkuu wa zamani, naye amekalishwa kitini, akasema kwa sauti safi: "Tazameni chini ya kiti. Walitukata sisi, wao hawakujikata." Hakutia hata chembe ya mzaha. Watu wote walitazama juu, mbinguni, kama wanaotafuta mvua. Hakuna aliyecheka. Na sheria ilisema: asiyechekesha si mtani, ni mtukanaji. Wakamzika miguuni pa Mkuu, angali anasema.

Ndipo akaitwa Shangazi Milembe amalizie. Yeye alikuwa mtamu wa maneno. Alisimulia Mkuu alivyokoroma, alivyopenda samli, alivyoogopa mende. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, kengele ikapigwa, na Shangazi akapewa kiti kivulini mpaka kufa kwake. Ukuta nao ulirefuka mwaka ule kuliko miaka yote.

Bi Nyamizi aliwapenda wote wawili. Alipokuwa mdogo aliuliza, kama watoto wanavyouliza, ni nani kati yao aliyekosea. Hakuna aliyemjibu, na sasa amezeeka na swali limezeeka naye. Kweli isiyochekesha hufukiwa pamoja na mwenye kuisema. Kicheko kisicho na kweli hupewa kiti. Na kati ya kaburi na kiti pana nafasi gani? Je, pana upana wa kutosha mwanamke mzee na kuku wake kupita?

*

Sasa kuhusu Ukuta. Ulisimama katikati ya mji, mrefu, bila nyumba nyuma yake wala paa juu yake. Ulikuwa ukuta tu, na watu waliuabudu kwa sababu ya kivuli chake. Katika nchi ile ya jua kali kivuli kilikuwa rehema, na rehema ilikuwa na wenyewe. Mtoto akipewa jina aliletwa pale. Mwenye Ukuta alishika mkasi, akamsimamisha mtoto juani, akauliza: "Kivuli kiko wapi?" Watu wote walinyoosha kidole chini wakajibu: "Kile pale, kichukue." Kikakatwa. Kikakunjwa. Kikashonwa Ukutani pamoja na vingine. Kwa hiyo katika mji ule mbuzi alikuwa na kivuli, nguzo ilikuwa na kivuli, lakini mtu hakuwa nacho. Mtu alipoungua alikwenda kuomba akae kidogo chini ya Ukuta, naye alikwenda na chochote alichonacho.

Kila mtu alijua kivuli kile kimeshonwa kutokana na nini. Hakuna aliyesema. Si kwamba walikuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, na aliyechoka hapendi kuulizwa habari za kivuli anachopumzikia.

Mkuu Lugiko alikuwa amekalishwa kwenye kiti chake cha mpingo, juani, mbele ya kaburi. Desturi ilitaka atolewe nje ili watu wauone uso wake. Na watu waliuona uso wake. Macho yao yalikaa usoni pale kama nzi, hayakushuka hata shingoni.

Bi Nyamizi alipenya katikati yao. Alikaa chini mbele ya maiti, akajitandazia miguu kama mtu aliye kwake.

"Lugiko," aliita. "We Lugiko. Wageni wote hawa, umekaa tu hujawaamkia. Ndiyo maana walisema ulilelewa na mbuzi."

Mtu mmoja alikohoa. Kilikuwa kikohozi chenye kicheko ndani yake.

"Msimlaumu," Bi Nyamizi aliwageukia. "Amechoka na ibada. Nani hakumwona mwezi wa mfungo? Alifunga huyu, jamani. Alifunga mlango, akafunga na dirisha, akala."

Hapo walicheka, kidogo, wakimtazama Mzee Luhende kama wanaoomba ruhusa. Mzee Luhende alitikisa kichwa kukubali. Hiki kilikuwa kicheko kizuri. Wanaume wawili wa mwavuli nao walicheka, na mwavuli ukatikisika.

"Tungaraza, uko wapi baba?"

"Nipo, bibi." Alikuwa mtu mrefu mwembamba, ngozi imebabuka puani.

"Paa lako la mabati liko wapi?"

Tungaraza alionyesha Ukuta kwa kidevu. "Limo humo. Nililitoa."

"Ulilitoa upate nini?"

"Kivuli."

Watu waliguna. Kisha kikatoka kicheko kingine, kizito zaidi, kikitoka tumboni. Tungaraza mwenyewe alikuna kichwa. "Usinicheke, bibi. Lilikuwa linavuja hata hivyo."

"Sikucheki wewe, mwanangu. Namcheka aliyelipokea. Paa linavuja na bado akalipokea."

Mzee Luhende aliacha kutikisa kichwa.

Bi Nyamizi aliona. Alijua amefika mahali kaka yake alipokuwa amesimama, na kwamba hatua inayofuata haina mahali pa kurudi. Alimtazama Lugiko. Na hapo, kwa namna ambayo haikuwa sehemu ya utani wala haikuwa nje yake, alisema polepole:

"Mume wangu alipofariki nilikuja hapa sina kitu mkononi. Sina hata yai. Huyu alikuwa kijana wa Wenye Ukuta, mfagiaji wa hapa kivulini, wakati ule. Aliniona nimesimama juani, akaweka ufagio chini, akanivuta mkono akanikalisha kivulini bila kuniuliza nimeleta nini. Akaniletea maji kwa viganja vyake kwa sababu hakuwa na kikombe. Yalimwagika yote njiani, akarudi tena. Nilimpenda. Huyo ndiye ninayemlilia. Huyu mwingine aliyekaa kitini, sijui walimtoa wapi."

Wanawake kadhaa walivuta khanga zao usoni. Na ni kwa sababu ya maji yale ya viganjani kwamba walimwamini alipoinuka, akamweka kuku chini, akaendelea.

"Mimi na kuku huyu tukitembea," alisema, "watu humwamkia kuku. Wanasema, bora huyu, ana kivuli. Usiku nikimfungia bandani najiuliza nani kamfungia nani."

Kicheko. Kuku alisimama pale na kivuli chake cheusi kidogo, akadonoa kitu kisichokuwepo.

"Lakini leo nasema tufanye haki. Lugiko anakwenda mahali ambako hajawahi kwenda. Huko ni mchanga, ni mtoto. Na mtoto huwa tunamfanyaje? Tunamleta Ukutani." Alijinyoosha, akapandisha mabega, akaikunja sura yake ikawa sura ya Mzee Luhende hasa, mdomo umebanwa kama anayeshikilia pini za mshonaji. Akanyoosha vidole viwili vya mkono vikawa mkasi. Watu walianza kutetemeka kwa kicheko kabla hajasema neno. Akauliza kwa sauti ile nzito ya puani waliyoisikia tangu wakiwa tumboni mwa mama zao:

"Kivuli kiko wapi?"

Na watu wote, kwa ulimi usiongoja akili, kwa mkono uliozoea, wakanyoosha vidole chini wakajibu:

"Kile pale, kichukue."

Vidole vyote vilikuwa vimeelekea chini ya kiti cha mpingo. Na pale, kando ya kivuli cha kiti, kilikuwapo kivuli cha kichwa, na mabega, na mikono miwili iliyowekwa magotini. Kizima. Hakijawahi kuguswa na mkasi. Lugiko hakuwa amewahi kutoka nje ya kivuli cha Ukuta tangu azaliwe, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amekiona. Sasa wamekionyesha wenyewe, kwa vidole vyao, na mtu hawezi kusema hakuona alichokionyesha.

Hakuna aliyeshusha mkono.

Kimya kile kilikuwa kimya cha Shigela. Bi Nyamizi alikitambua, kama mtu anavyotambua harufu ya nyumba aliyokulia. Alimfikiria Sikudhani, kiganja chake cha baridi. Asipocheka mtu sasa, mtoto hatazaliwa.

Ndipo mjane mmoja aliyeitwa Mama Kabula, aliyekuwa amesimama nyuma na fimbo yake, akacheka. Hakucheka kwa sababu amefurahi. Sauti yake ilitetemeka. Alicheka kama jirani anavyokuletea kaa la moto juu ya kigae wakati jiko lako limezimika: akilikinga na upepo, akiogopa lisife njiani. Aliyekuwa karibu naye akalipokea. Kisha mwingine. Kisha wote.

Na kicheko kile hakikuwa kizuri tena. Hakikuomba ruhusa. Kiliendelea baada ya mahali ambapo vicheko huisha, kikawa na kitu cha kulia ndani yake, na kitu cha meno. Wanaume wa mwavuli waliinama wakashika matumbo, na mwavuli ukaanguka, na Mzee Luhende akabaki juani. Kivuli chake kilitandazika nyuma yake mpaka miguuni pa watu.

Huko juu mpiga kengele, ambaye alikuwa ameagizwa apige akisikia kicheko cha watu wote, akasikia kicheko. Akapiga.

*

Jua likasogea. Uji ukapoa katika vikombe vya mji mzima. Bi Nyamizi, kwa kuwa desturi ilikuwa haijaisha, alishuka kaburini akalala chali.

Ubaridi wa udongo. Mbingu imekatwa kwa pembe nne. Mimi ni nani hapa? Kama ni Shigela, mbona nimecheka. Kama ni Milembe, mbona niko chini. Nilidhani kicheko ni ufunguo. Labda ni mlango tu, na kila mtu huupita akiwa na anachokibeba. Wamecheka. Lakini watu walicheka na siku zile pia, wakaenda nyumbani wakapika. Mungu anacheka? Shangazi alisema anacheka. Kaka alisema anasikiliza. Nadhani anafanya kama Mama Kabula.

Juu kulikuwa na minong'ono. Habari ilikuwa inakuja kutoka mjini, kinywa kwa kinywa, mpaka ikafika ukingoni na Tungaraza akainama akaiangusha ndani: "Amejifungua, bibi. Wa kike. Mama yake anakunywa uji."

Bi Nyamizi alifumba macho. Machozi yaliingia masikioni.

"Toka sasa, mtani," ilisema sauti ya Mzee Luhende. Alikuwa amerudishiwa mwavuli. "Kazi umeimaliza. Chukua kitambaa."

"Sitoki."

"Kuku wawili."

"Ninaye wangu."

"Kiti," alisema Mzee Luhende kwa sauti ya chini. "Kivulini. Na binti yako pia."

"Mjukuu wangu hatakatwa kivuli," alisema Bi Nyamizi. "Nipe hicho, nitoke."

"Hilo si utani tena."

"Mzee Luhende, si ulikuwa unangoja kucheka? Cheka basi. Mimi bado natania."

"Mtani asiyetoka hufukiwa. Unaijua sheria."

"Naijua. Ilitungwa na watu waliopendana."

Mzee Luhende alirudi nyuma, akawaamuru watu wapange foleni na kila mmoja achukue konzi ya udongo, maana katika mji ule Wenye Ukuta hawakushika udongo kwa mikono yao. Watu walizika watu. Na wale waliokuwa wakicheka punde tu wakainama, wakachota, wakajipanga. Mikono ilijua njia.

Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyemjua tangu utoto. Alimwaga udongo wake taratibu, kando ya miguu. "Nisamehe, Bi Nyamizi," alisema. Wa pili alimwaga ubavuni. Wa tatu alipiga magoti kabisa, akanyoosha mkono, akauteremsha udongo juu ya magoti yake kama anayemfunika mtoto shuka. Wote walikwepa uso. Bi Nyamizi aliona jinsi walivyokwepa uso wake, akawashukuru moyoni, na kushukuru kule kulimtisha kuliko udongo. Watu wapole watamfunika kwa upole, mmoja mmoja, na wa mwisho hatapata mahali pengine pa kumwaga.

Udongo ulifika kiunoni.

Kisha ikasikika fimbo ikigonga ukingo. Mama Kabula alisimama pale, konzi yake mkononi. Aliitazama, akaimwaga nyuma yake, nje ya kaburi, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Akakaa ukingoni. Akateremka, mguu mmoja, wa pili, akiguna.

"Mama, unakwenda wapi?" aliuliza Mzee Luhende.

"Miguu inaniuma. Foleni ndefu." Alimgusa Bi Nyamizi begani. "Sogea kidogo, mwenzangu."

Bi Nyamizi akasogea. Mama Kabula akalala ubavuni pake, akajiwekea fimbo kifuani, akaitazama mbingu. "Kumbe huku kuna kivuli," alisema.

Aliyefuata alikuwa Tungaraza. Alisimama ukingoni na konzi yake, udongo ukimvuja kati ya vidole. Aliwatazama wanawake wale wawili. Alimtazama Mzee Luhende.

"Mwaga," alisema Mzee Luhende.

"Nataka kumwaga, mzee," alisema Tungaraza kwa heshima zote. "Nauliza tu. Mtani ni yupi?"

Na huko nyuma, mahali fulani katika foleni, mtu akacheka. Mzee Luhende aligeuka upesi kutazama ni nani, lakini nyuso zote zilikuwa zimeinama, na jua lilikuwa linazidi kupanda.